Kawa za Darubini

Mume wangu alikuwa askari wa wanyama, na kazi yake kubwa ilikuwa kutazama. Watu wakisikia askari wa wanyama hufikiria bunduki. Bunduki alikuwa nayo, lakini siku nyingi ilikaa imeegemea nguzo huku yeye akizungusha darubini polepole, kutoka matete ya mtoni hadi ukingo wa msitu, akitafuta tembo kabla tembo hawajautafuta mpunga wetu. Miaka ile ya hamsini, sisi wa upande wa chini ya Ifakara tulikuwa tukihamia mbugani kila msimu wa kilimo. Tulijenga madungu, vibanda vya kulindia shamba vilivyokaa juu ya nguzo ili maji yapite chini, na humo tuliishi na kuku wetu na vyungu vyetu mpaka mavuno. Kila nyumba ilikuwa na dungu lake. La kwetu lilikuwa refu kuliko yote kwa sababu ya kazi yake.

Alikuwa akiwaona tembo wakiwa bado mbali sana, wakati wewe na mimi tungeona matete tu. Akipuliza filimbi, watu waliacha walichoshika, wakakamata madebe na kuanza kupiga, na mara nyingi tembo walighairi. Wanaume wengine wa mbugani walisifiwa kwa mtumbwi mzuri au kwa shamba safi. Yeye alisifiwa kwa macho. Wanawake wenye watoto wachanga walijenga madungu yao karibu na letu makusudi, na walikuwa wakiniambia, "Mama, sisi tunalala kwa sababu ya mumeo." Nilijivuna, sitaki kudanganya. Hata kuteka maji nilikuwa nateka kwa maringo.

Darubini yenyewe haikuwa mali yake. Alikuwa amekabidhiwa na Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita yule mzungu mkubwa wa idara ya wanyama. Ilikuja na mfuko wa ngozi, vifuniko viwili vyeusi vya kuziba vioo vya mbele, na kifuniko kingine kipana cha kukinga mvua, kilichopitishwa kwenye mkanda wa shingoni ili kishuke juu ya vioo vya nyuma, vile vya kuchungulia. Mume wangu alivivua vifuniko hivyo kwa adabu kuliko alivyovua kofia kanisani. Aliviweka mfuko wa kushoto wa shati, akatazama, akavirudisha. Watoto wetu walikuwa shuleni misheni, lakini hata walipokuwa likizo hawakuthubutu kuvigusa.

Vilipotea kwenye msiba wa baba yake.

Hapa lazima nieleze kidogo habari za mtani wake, maana bila yeye hakuna habari. Ukoo wa mume wangu na ukoo mmoja wa Malinyi ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kila kitu. Atalala ndani ya kaburi akatae kutoka mpaka apewe kitu. Atavaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu. Atawatukana wafiwa mpaka wacheke, na kazi yake ni hiyo hasa, wacheke. Ukimkasirikia, aibu ni yako. Mtani wa mume wangu alikuwa mtu mfupi, mvuvi, mwenye mdomo usiochoka, na siku ile alifika tukiwa tumelia hadi sauti zimekauka.

Mume wangu alikuwa ameitwa kutoka kazini, kwa hiyo alisimama kaburini na sare zake na darubini kifuani. Mtani akamwendea kama anayetaka kumpa pole, akamkumbatia, na alipomwachia alikuwa ameshavichomoa vifuniko vyote, hata kile cha mkandani. Vile viwili vya mbele akavibana kwenye macho yake kama miwani, kile kipana akakiweka kichwani, akaanza kulizunguka kaburi akiongea Kiswahili cha Bwana Nyama, "Wewe! Mimi taka ona tembo yote!" Akajikwaa kwenye rundo la udongo akaanguka. Mama mkwe wangu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, alicheka mpaka akashika mbavu. Nilimpenda yule mtani kwa ajili ya kicheko kile, na bado nampenda, pamoja na yote yaliyofuata.

Kwa desturi, ukitaka kitu chako kutoka kwa mtani unakikomboa. Siku ya pili mume wangu alimpa jogoo. Mtani akampokea jogoo, akashukuru, akaingiza mkono mfukoni, na uso wake ukabadilika. Akapapasa mifuko yote. Akakumbuka kwamba jioni alikuwa ameinama kwenye mtumbwi kuosha samaki. Basi akafanya ambalo mtani hufanya. Akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Mtani wangu, pokea salamu za mamba wa Kilombero. Sasa na yeye anaona mbali."

Watu walicheka tena, na mume wangu akacheka nao. Angefanya nini? Mali ya serikali imepotea, na aliyeipoteza hashitakiki, hakasirikiwi, wala jina lake halitajiki ofisini. "Nitamwambia nini Bwana Nyama?" aliniuliza tulipokuwa peke yetu. "Nimwambie vifuniko vyake vilivaliwa kaburini?" Alisema tutafute vingine, kimyakimya, kabla ya mvua.

Mvua haikutusubiri. Tulipohamia mbugani tu ilianza, ile mvua ya kwetu inayonyesha kama inadai kitu, na baada ya majuma machache mume wangu aliteremsha darubini kutoka machoni akasema, "Ukungu umeingia." Aliifuta kwa kitambaa. Akatazama tena. "Umeingia ndani kabisa. Ni kwa sababu ya vifuniko."

Sasa hili halikuwa jambo dogo. Kama darubini imekufa, tembo watapita. Na kama tembo watapita, kuna mtu atakayekanyagwa kwenye dungu lake amelala, na hata asipokanyagwa mtu, mume wangu hatakuwa tena mume wangu niliyemjua. Nilifunga khanga yangu vizuri, nikaenda Ifakara kwa mtumbwi kutafuta vifuniko vya darubini.

Nilianza dukani kwa Mhindi aliyeuza kila kitu, kuanzia taa ya chemli hadi sindano. Nilimweleza kwa mikono. Akanielewa haraka, akaenda nyuma, akarudi na kopo la mafuta ya kujipaka, kopo la dawa ya viatu, na kifuniko cha chupa ya peremende. "Mama, kofia ya darubini hapana. Hata Dar es Salaam sijui. Lakini jaribu hii." Nilipofika mbugani, kifuniko cha kopo la dawa ya viatu kiliingia kwenye kioo kimoja kama kilizaliwa nacho, na kwenye kioo cha pili kikagoma. Vyuma vya kuzunguka vioo vile vilikuwa vimebonyea kidogo, kila kimoja kwa namna yake. Mume wangu alikijaribu juma zima. Kilimpigia makelele kila alipotembea, na aliposikia harufu ya dawa ya viatu kila anapotazama matete, alikitupa.

Nikaenda misheni. Padre wetu alipenda ndege, nasi tulimwona mara nyingi kando ya mto akitazama juu huku kanzu yake ikiingia tope. Nikajua ana darubini. "Tumsifu Yesu Kristo, padre." "Milele amina, mama. Una shida gani?" Nilipomweleza alicheka, akaingia ndani, akatoka na darubini yake. Ilikuwa imevalishwa soksi. Soksi kuukuu ya kahawia, imefungwa uzi juu. "Vyangu vilipotea zamani," akasema. "Mimi namwachia Mungu na soksi." Akanipa soksi moja nzuri, safi, na baraka juu yake. Niliipeleka mbugani. Mume wangu aliitazama soksi, akanitazama mimi. "Darubini ya serikali haivai soksi," akasema, na hapo mjadala ukaisha. Soksi ile niliivaa mwenyewe wakati wa baridi, mguu mmoja.

Wa tatu alikuwa fundi viatu wa sokoni, mshona katambuga. Huyu alifanya kazi kwa moyo. Alichukua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akapima vioo vya nyuma kwa kamba niliyomletea, akakata, akashona, akatoboa tundu la kupitisha mkanda. Ulikuwa umekaa vizuri sana na maji hayakupita hata tone. Nilifurahi, nikampikia fundi bata. Lakini jua la mbugani lilipotoka baada ya mvua, mpira ulipata joto ukaanza kuyeyuka weusi. Mume wangu alishuka dunguni mchana ule akaenda kuwasalimu majirani, akarudi akiwa hajui kwa nini wote wamemjibu salamu wakiangalia pembeni. Alikuwa na duara jeusi kuzunguka kila jicho. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alinawa, akafuta vioo, akatazama, kisha akasema lile alilolisema kila siku, "Bado ukungu."

Aliposema hivyo, kicheko changu kikaisha, nikaanza kufikiri. Mbona ukungu hauishi hata siku za jua kali? Mbona anasema umeingia hata asubuhi ambazo darubini imelala ndani ya mfuko wake wa ngozi, kavu? Siku moja alipokwenda kukagua mtego wa samaki aliiacha dunguni. Ilikuwa marufuku kwangu kuigusa, nikaigusa. Niliiweka machoni nikaielekeza mtoni.

Niliona kundi la sheshe, wale swala wa kwetu wa majimajini, wakila majani ng'ambo. Niliona masikio yao yakicheza. Niliona dume moja lenye mkwaruzo begani, mkwaruzo mbichi, na nzi juu yake. Niliona kila kitu.

Nikairudisha darubini kwenye mfuko wake, nikakaa. Nilikuwa nimeinjika wali na ukaungua.

Baada ya hapo niliona mambo ambayo nadhani nilikuwa nayaona siku zote. Alikuwa anaijua ngazi ya dungu kwa mguu. Alikuwa anasubiri mtu aseme ndipo amsalimu. Nilipompa samaki alianza kupapasa mifupa kwa ulimi, yeye ambaye zamani alikula huku anatazama matete. Na nilipomtazama karibu, jua likimpiga usoni, ndani ya mboni niliona weupe, kama maziwa kidogo yaliyomwagika kwenye maji. Mtoto wa jicho. Jina hilo nilikuja kulisikia baadaye. Na hata kama ningelijua, mganga wa macho tungempata wapi mbugani, barabara zote zikiwa zimelala chini ya maji?

Heri kufa macho kuliko kufa moyo, walisema wahenga. Mhenga huyo hakuwa askari wa wanyama. Kwa mume wangu vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja, na nilijua kwamba siku nitakayomwambia, nitakuwa nimemzika. Basi sikumwambia. Nilijua pia kwamba tembo hawatangoja huruma yangu, kwa hiyo kuanzia siku ile nilitazama mimi. Sikutumia darubini, nilitumia macho yangu tu, kila saa niliyokuwa dunguni, na nikiona kitu nilisema kama mtu anayepiga soga, "Ndege wameruka kule kwenye mkuyu, sijui wameshtuliwa na nini." Alikuwa akiinua darubini kuelekea kwenye mkuyu, anatazama, anapuliza filimbi.

Na niliendelea kutafuta vifuniko. Mtu anaweza kuniuliza kwa nini. Yeye alihitaji kosa liwe la vifuniko, na mimi nilihitaji kuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yangu. Nilifunga ndoa na mtu yule kanisani nikasema katika raha na katika taabu, hakuna aliyeniambia taabu itakuwa ya namna gani.

Mwishowe nilivisuka mwenyewe. Kwetu mwanamke anayejiheshimu anajua kusuka ukindu, mikeka na vikapu, na kawa, yale mafuniko ya chakula yaliyochongoka katikati. Nilikaa nikawaza, kawa ni nini kama si kofia ya kitu kisichotakiwa kuingiwa na inzi? Nikachagua ukindu mwembamba kabisa, nikauchana hata ukawa kama uzi, nikasuka kawa mbili ndogo, kila moja kwa kipimo cha kioo chake, na ile mibonyeo nikaifuata. Ya kukinga mvua nilisuka pana, mbili zilizounganika, nikaacha vitundu pembeni vya mkanda. Kisha nikapata nta ya nyuki kutoka kwa mama mmoja wa kijiji cha Kisawasawa, ambako wanaume wanapandisha mizinga huko milimani. Nikaiyeyusha nikazipaka kawa zangu ndani na nje, nikazianika kivulini. Nilipomwaga maji juu yake yalikimbia kama yanaogopa.

Nilimpa asubuhi. Alizipapasa kwa vidole muda mrefu. Akavika moja, ikaingia kwa ulaini na ikashika. Akavika ya pili. Akaivuta ile ya mvua juu na chini kwenye mkanda. "Hizi ni bora kuliko za mzungu," akasema. Alikuwa mtu asiyesifia ovyo, na macho yangu yakajaa machozi. Kisha akazivua, akatazama matete. Alitazama sana. Hakusema ukungu. Akazirudisha kawa zangu mahali pake.

Mpunga ulianza kutoa masuke, tukaingia siku za kuamia, yaani kufukuza ndege tangu jua linapotoka mpaka linapozama, na ndipo mtani wake alipotutembelea kutoka Malinyi. Alikuja na kambale wa kukausha na mdomo wake uleule. Alisimama chini ya dungu akiwa kimya, kumjaribu mume wangu kama afanyavyo siku zote, aone atamtukana nini. Mume wangu alikuwa anatazama upande ule ule aliosimama. Hakusema kitu. Mtani akanitazama mimi. Nikaangalia pembeni. Ndipo mtani akakohoa, na mume wangu akaruka kwa furaha, "Mwizi wa vifuniko! Panda juu, mwizi!"

Jioni majirani walikuja kula kambale. Mtani alizishika kawa zangu, akazigeuza. "Jamani, mtani wangu siku hizi ameifanya darubini ubwabwa, anaifunika kwa kawa." Watu wakacheka. Akaendelea, sauti ileile ya mzaha, "Mimi nakiri, mtani. Nilikunyang'anya vifuniko vya darubini. Lakini nilisahau kukunyang'anya vile ulivyofunikia macho. Nimesimama chini yako muda wote ule, na ulinitazama kama mti."

Watu walicheka, halafu kicheko kikapungua, mmoja mmoja, kadiri walivyoelewa. Hakuna mtu mwingine bonde zima ambaye angeweza kuyasema maneno yale. Si mimi, si ndugu zake, si padre. Mtani peke yake, kwa sababu mtani hakasirikiwi. Nilitaka kumtupia mtungi wa maji, na wakati huohuo nilitaka kumshika mikono nimshukuru. Mume wangu alicheka, kama desturi inavyotaka. Alicheka mwisho kabisa, wengine wakiwa wamenyamaza, kisha akasema, "Ulikuwa unanuka samaki, nikadhani ni ukingo wa mto." Wakacheka tena, wamefarijika, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya nyavu. Mtani hakucheka. Alimtazama rafiki yake akila.

Hatukuzungumza juu ya jambo lile. Mtani alirudi kwao, ndege wakazidi, tukapiga kelele mchana kutwa hadi makoo yakauma.

Siku chache baadaye, jua likianza kulegea, mwanamke mmoja alipiga yowe kutoka dungu la mbali upande wa mto. Upepo ulikuwa unavuma kwenda kwake, hatukusikia maneno. Nilikuwa chini, nimeinama kwenye mpunga, mimea imenipita kichwa, sikuweza kuona kitu. Nilipanda ngazi mbio. Mume wangu alikuwa amesimama, ametoa kawa, darubini iko machoni. Aliisogeza kulia, akaisogeza kushoto. Nilifungua kinywa niseme lile neno langu la soga, kuhusu ndege au kuhusu mkuyu, lakini bado sikuwa nimeona chochote, matete yalikuwa marefu.

Akaishusha darubini. Akauvua mkanda shingoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu, akaninyooshea.

"Chukua," akasema. "Niambie."

Niliichukua, nikatazama. Kwanza niliona matete tu. Halafu nikaona matete yanalala, yanainuka, na migongo, migongo mingi ya kijivu yenye tope, na ndama katikati. "Tembo. Wametoka matetini. Wanakuja upande huu."

"Wanaelekea kwa nani?"

"Kwa yule mama mwenye mapacha. Mumewe hayupo, amekwenda Ifakara."

"Wa mbele ni jike?"

"Jike. Amenyanyua mkonga."

Hakuuliza tena. Alipuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni, madebe yakaanza kulia kila upande. Akashika bunduki. "Nionyeshe bega langu lielekee wapi ili nisipige upande wa watu." Nikamshika bega nikamgeuza kuelekea matete, mbali na dungu lolote, penye anga tupu. Akapiga juu. Akapiga tena. Mimi nilikuwa natazama na kusema, wamesimama, wanageuka, jike amebaki, jike anageuka, na yeye akijibu kila neno, "Ndiyo. Ndiyo. Endelea." Walikanyaga kona ya shamba la yule mama wakapotea kwenye matete. Baadaye yule mama alikuja na mapacha wake mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akapiga magoti mbele ya mume wangu, akamwambia, "Baba, Mungu akulindie macho yako." Mume wangu akasema, "Asante, mwanangu," na akashuka kwenda kukaa peke yake kando ya maji.

Baada ya mavuno alivaa sare zake zilizopigwa pasi, akaniambia tufuatane Ifakara. Bwana Nyama alikuwa ofisini kwake bomani, akimpa mtu maagizo. Alipotuona alifurahi, maana mume wangu alikuwa askari wake wa miaka mingi. Mume wangu alivua mkanda, akaiweka darubini mezani.

Bwana Nyama akaishika. Akaziona kawa zangu, akazivua moja baada ya nyingine, akazigeuza mwangani, akauliza nani amesuka. Mume wangu akanionyesha kwa kidevu. Yule mzungu akaenda dirishani, akatazama mlima kwa darubini. Alitazama muda mrefu kidogo, akarudi ameshangaa.

"Lakini hii ni nzima. Safi kabisa. Kwa nini unarudisha?"

"Ni nzima, bwana," mume wangu akasema. "Mimi ndiye niliyeingia ukungu."

Alilisema akiwa amesimama wima, mikono kwenye mapaja, kama anayetoa taarifa ya wanyama. Bwana Nyama aliketi. Walizungumza mambo ya bunduki na sare, na ni nani atakayeletwa mbugani badala yake, na mume wangu alijibu yote vizuri. Mimi nilitazama sakafu. Tulipotoka nje jua lilikuwa kali, akasimama pale ngazini akiwa hana kitu kifuani, na mkono wake ukapanda pale ulipokuwa mkanda ukashuka tena.

"Umejua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu kabla mpunga haujatoa masuke."

"Hata ulipokuwa unasuka?"

"Hata nilipokuwa nasuka."

"Sasa ulisuka vya nini?"

"Ulivitaka."

Akatikisa kichwa polepole. Tukatembea kuelekea sokoni, yeye akijifanya anaiona njia, na mimi nikimwacha ajifanye. Tulipofika pale watu wanapoanza kuwa wengi alisimama, akaniambia nihamie upande wake wa kushoto, kwa sababu upande ule ndio uliokuwa na giza zaidi.